AC haipozi: itengenezwe au inunuliwe mpya?

Kaskazi ikiingia na joto likapanda, watu huniita kwa neno moja: "Fundi, njoo unitilie gesi." Naumia kila nikisikia mtu anatiliwa gesi mwaka hadi mwaka. Gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ujue pana tundu. Fundi anayejaza bila kulitafuta tundu hilo anakula pesa yako bure.

Kwanza yaondoe madogo. Osha vichujio. Mashine ya nje ikinguruma bila kuwaka, mara nyingi kapasita, kile kifaa kidogo cha umeme kinachosaidia mota kuanza, imekufa, nayo si ghali. Maji yakidondoka chumbani, mara nyingi bomba la kutolea maji limeziba. Haya tengeneza tu, hata AC ikiwa kongwe.

Halafu toka nje ukaitazame ile mashine. Kwa nyumba za pwani ya Unguja kama Nungwi, Paje na Jambiani, umri hauniambii kitu. Chumvi ndiyo inayoamua. Yaguse yale mabati membamba ya alumini ya koili, yaani mabomba yanayotoa joto nje. Yakibomoka unga mkononi, koili hiyo imekwisha. Tundu likiwa kwenye nati ya kiungo, povu la sabuni litalionesha na fundi atalimaliza siku hiyo hiyo. Likiwa kwenye koili iliyoliwa, mtaziba hapa, litoboke pale.

Soma na kibandiko. Kikiandikwa R22, aina ya gesi ya zamani, hesabu inabadilika. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe zimeiacha ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. AC ya R22 iliyoungua kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, mimi siitengenezi. Namwambia mwenyewe anunue mpya. Wala usikubali itiliwe R410A, gesi ya AC za baadaye, maana shinikizo lake ni kubwa zaidi kwa kama nusu na ushei, na mafuta ya kompresa yake ni mengine.

Ukinunua, chukua inveta, ile inayoongeza na kupunguza kasi yenyewe, na usipite kipimo. Chumba cha kulala cha kawaida kinatoshwa na AC ya BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 au 12,000. Kubwa mno hupoza haraka ikajizima, unyevu ukabaki kwenye mashuka. Mashine ya nje ifungwe upande usiopigwa na upepo wa bahari, ioshwe mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya kisima cha pwani yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, usiyatumie.