Steshenari yenye uwakala: linda laini, karatasi na mlango

Steshenari nyingi za Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, zina kazi mbili kwenye kaunta moja: kopi na kuprinti upande huu, kuweka na kutoa pesa upande ule. Mwenye duka akiwaza mwizi, anaiwaza kompyuta. Lakini kompyuta iliyotumika huuzwa kwa bei ya kutupa. Laini ya uwakala yenye floti (salio la kufanyia miamala) inaweza kukombwa kwa dakika chache bila mtu kugusa kufuli, na droo yenye kopi za vitambulisho humpa tapeli kila anachohitaji. Ulinzi uanzie hapo, mlango ufuate.

Laini ya uwakala

Iweke kwenye kitochi. Simu isiyopakua programu wala kufungua viungo vya ovyo inampa tapeli njia chache, na chaji yake inamaliza siku. Isitoke nje ya kaunta, isitumike kupigia ndugu, na mteja asiishike hata akidai anataka kuhakikisha namba.

Halafu washa PIN ya laini yenyewe, ile inayoulizwa kila simu inapowashwa. Hiyo si namba ya siri ya miamala. Bila PIN, aliyekwapua simu atachomoa laini, ataipachika kwenye simu nyingine na ujumbe wako wote utaingia kwake. Ili kuiwasha utahitaji PIN ya awali ya mtandao wako. Usibahatishe, piga 100 uulize. Hifadhi pia kadi iliyokuja na laini, maana ndiyo yenye PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga. Ukikosea PIN mara 3 simu itadai PUK, na PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa.

Namba ya siri isiwe tarehe wala mwaka wa kuzaliwa. Tarakimu 8 za mwanzo za namba ya NIDA ndizo tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia. Aliyepata kopi ya kitambulisho chako ameshaisoma.

Ujumbe wa "umepokea" si pesa. Tapeli huuandika mwenyewe ufanane na wa mtandao, akautuma saa ya msongamano, kama pale abiria wa maboti ya Kibirizi wanapokimbizana na safari, naye yuko dirishani anasubiri noti. Angalia salio kupitia menyu kabla ya kuhesabu hela, foleni iwe ndefu kiasi gani. Anayepiga kwa namba ya kawaida akijiita mhudumu wa mtandao, mkatie. Huduma kwa wateja ni 100. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040. Na kila mwezi piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako; usiyoitambua ipeleke kwa mtandao husika ifutwe.

Dalili moja usiipuuze: laini yako imepoteza mtandao ghafla, na jirani mwenye mtandao huohuo anapiga kama kawaida. Huenda kuna mtu amei-"renew" kwa jina lako, yaani amepewa laini mpya yenye namba yako. Piga 100 kwa simu nyingine papo hapo, usisubiri jioni.

Karatasi na mafaili ya wateja

Hapa ndipo steshenari nyingi zinakosea, na wanaoumia ni wateja. Kopi ya kitambulisho iliyotoka na mkwaruzo hutupwa kwenye boksi, boksi likijaa huuzwa, na mwisho wake karatasi yenye picha, jina na namba ya NIDA inafungia karanga barabarani. Weka boksi la pekee kwa karatasi zenye taarifa za watu, na kila jioni zichanwe vipande vidogo au zichomwe. Kabla ya mteja kuondoka, funua kioo cha skana uangalie: asilia zinazosahaulika hapo ni nyingi kuliko unavyodhani, cheti cha kuzaliwa kwa mfano. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, huu si uungwana tu, ni wajibu.

Kwenye kompyuta, mteja anayetaka kufungua barua pepe au kuomba ajira mfungulie Chrome kwa hali ya mgeni. Akifunga madirisha yote, kumbukumbu za akaunti yake zinafutika. Ila mafaili aliyopakua yanabaki kwenye folda ya Downloads, kwa hiyo futa na hayo, kisha toa takataka kwenye Recycle Bin. Aliyeunganisha WhatsApp yake kwenye kompyuta ya duka aikate kutoka kwenye simu yake, kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, akiwa bado mbele yako.

Flashi

Virusi vya steshenari vinajulikana: folda za mteja zinageuka njia za mkato (shortcut) zenye mshale mdogo, kila moja ina ukubwa wa KB 1 au 2. Ukiibofya, folda inafunguka kweli, na kirusi nacho kinaamka. Ndiyo maana watu huendelea siku kadhaa bila kushtuka. Fanya hivi:

1. Chomeka flashi, usifungue chochote. Ibofye kwa kitufe cha kulia uichunguze kwa Microsoft Defender.
2. Angalia herufi ya flashi. Tuseme ni E. Fungua Command Prompt, andika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` kisha bonyeza Enter. Folda halisi zitajitokeza.
3. Futa njia za mkato na faili lolote usilolijua linaloishia na .vbs au .js.
4. Chunguza kompyuta nzima, la sivyo flashi inayofuata itaambukizwa.

Amri hiyo hufichua tu, haiui kirusi. Usiruke hatua ya 1 na ya 4. Kazi za kila siku zifanyike kwenye akaunti isiyo ya msimamizi. Nakala ya mafaili yako iwe kwenye diski ya nje inayochomekwa wakati wa kunakili tu, kisha ilale nyumbani. Diski inayobaki imechomekwa hufungwa na virusi vya kudai fidia pamoja na kompyuta, na iliyoachwa dukani huondoka na mwizi yuleyule.

Mlango

Kufuli nene kwenye komeo bovu ni hela iliyopotea. Mwizi hahangaiki na kufuli. Anafungua skrubu za komeo, au anagonga pini za bawaba zilizo nje. Komeo lifungwe kwa bolti zinazopenya mlango mzima, nati zikiwa ndani, na vichwa vya nje viwe vya mviringo visivyoshikika kwa spana. Bawaba za nje fundi azichomelee pini. Chagua kufuli ambalo upinde wake ukifungwa haubaki na nafasi ya kuingiza nondo ya kubandulia. Fedha ya jioni isilale dukani, na usiipeleke nyumbani kila siku saa ileile kwa njia ileile.

Umeme

Umeme ukikatika, chomoa mashine. Ukirudi, subiri dakika tano. Radi ikianza kunguruma chomoa na waya wa intaneti, kwa sababu hupita humo pia. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS (betri ya akiba) ndogo: inapopasha joto huvuta umeme mwingi na UPS huzimika.

Simu ya uwakala ikiibwa

Uwe na daftari nyumbani lenye IMEI, namba ya utambulisho wa simu (piga *#06# uione), namba ya wakala na salio la kila jioni. Kwanza piga 100 kwa simu yoyote, laini na akaunti vifungwe. Hili ni kabla ya kumfukuza mwizi. Pili nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako), uwape na IMEI. Tatu, rudisha laini kwa alama za vidole dukani kwa mtandao wako. Ikishawaka, badilisha namba ya siri, linganisha salio na daftari, ndipo upokee mteja wa kwanza.