Kumwanzishia mtoto gita (soma hatua ya 3 kabla hujakata uzi)

Dada kaniletea mwanae wa miaka minane, "Mjomba, nataka gita." Leo wiki ya tatu, naandika maana washaniuliza wazazi wengine wawili.

1. Saizi. Umri huo mpe la robo tatu, mdogo zaidi mpe nusu. Usinunue kubwa eti atalikulia, hiyo si sweta ya shule.

2. Nyuzi za nailoni, basi. Za chuma zinalia vizuri sawa, ila vidole vitamuuma siku ya kwanza na siku ya pili humwoni. Na gita la nailoni usilifunge nyuzi za chuma, zinavuta mno, daraja (kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gita) linaweza kung'oka.

3. Kutyuni, yaani kukaza au kulegeza kila uzi mpaka utoe noti yake. Hapa nililiwa Jumamosi nzima. Pakua apu yoyote ya kutyuni kwenye simu, za bure zinatosha. Kuanzia uzi mnene kushuka noti ni E, A, D, G, B, E, na uzi wa kwanza ni ule mwembamba wa chini, sio mnene, wengi tunachanganya hapo. Mimi nilikuwa napiga uzi wa nne huku nakaza ufunguo (kile cha kuzungusha kichwani mwa gita) wa uzi wa tatu, mshale kwenye simu hausogei, nikasema apu mbovu hii, nikakaza tena, nikakaza tena, mpaka paa! uzi ukanichapa mkononi na dogo akakimbilia jikoni. Kwa hiyo kila mara fuata uzi kwa kidole kuanzia unapopiga mpaka kwenye ufunguo wake, ndo uzungushe, tena kidogo kidogo. Ukizungusha na sauti haibadiliki, ACHA, umeshika ufunguo sio. Kama hujui uzi uko juu au chini ya noti, legeza kwanza halafu panda taratibu. Zima feni na redio, simu inasikia kila kitu. Angalia pia apu iko kwenye 440 (hezi za noti A, ndo kipimo cha kawaida), yetu dogo alishaichezea ikawa 432 nikabaki nashangaa. Halafu nyuzi mpya za nailoni zinavutika, asubuhi utakuta zote zimeshuka, hujakosea, tyuni tena, siku kadhaa zitatulia. Usimpe mtoto gita ambalo halijatyuniwa, atadhani yeye ndo hajui.

4. Kata kucha za mkono wa kushoto, ndo unaobonyeza nyuzi.

5. Kodi (noti kadhaa zikipigwa pamoja) ya G ya kidole kimoja: bonyeza uzi wa kwanza freti ya tatu (freti ni vile vyuma vilivyolala kwenye shingo, hesabu kuanzia kichwani), piga nyuzi nne za chini tu. Kidole kikae nyuma kidogo ya chuma cha freti, sio juu yake, la sivyo sauti inazibika. Dakika kumi kwa siku, akitaka kuacha aache. Mambo ya kusoma noti kwenye karatasi mimi siyaanzi mapema, walimu wa kanisani watanisamehe.

6. Ikikaa, mpe C: uzi wa pili freti ya kwanza, piga nyuzi tatu nyembamba. G mara nne, C mara nne, wewe imba chochote juu yake. Wa kwetu anaimba majina ya vituo vya daladala.