Umeambiwa uandae maisha ya sista mtakatifu kwa jumuiya? Fanya hivi

Mwenyekiti wa jumuiya, kile kikundi kidogo cha Wakatoliki majirani kinachosali nyumbani kwa watu, hupiga simu Ijumaa jioni, ati Jumapili ni zamu yako kutuongelea mtakatifu, na wewe uko kwa matatu ya Kayole huna ata fikra. Wengi hapo hukopi ukurasa mzima kwa simu na kuusoma kama taarifa ya habari, alizaliwa huku, akafa mwaka ule, na watu wanasinzia.

Kwanza chagua mmoja tu. Usiangalie jina tamu, angalia ni nani kwa hiyo sebule atajiona ndani ya hayo maisha. Na uwe mwangalifu na akina Teresa, kuna wa Avila Mhispania, kuna wa Mtoto Yesu wa Lisieux kule Ufaransa, kuna wa Kolkata, alafu kuna Teresa Benedikta wa Msalaba, yule Myahudi msomi aliyeuawa Auschwitz mwaka 1942. Watu huwachanganya mpaka mmoja anakufa mara nne.

Pili hakikisha kama alikuwa sista kweli. Katarina wa Siena kwa picha amevaa kitawa lakini hakuwahi ingia konventi, alikuwa mlei wa utawa wa tatu wa Wadominiko na alikaa kwao nyumbani. Rita wa Cascia yeye aliolewa, akazaa, mume akauawa, ndio baadaye akawa mtawa wa Waagustino, na huyo wamama wa jumuiya watakusikiza mpaka mwisho.

Angalia pia cheo. Irene Stefani, sista ambaye watu wa Gikondi kule Nyeri walimwita Nyaatha, alitangazwa Mwenyeheri Nyeri tarehe 23 Mei 2015, hiyo ni hatua moja chini ya Mtakatifu, so usimpandishe cheo kabla ya Roma. Anuarite wa Kongo hivo hivo, ni Mwenyeheri tangu Agosti 1985, na Papa Yohane Paulo II akitoka kumtangaza kule Kinshasa alikuja hapa Nairobi kufunga Kongamano la Ekaristi, wazee wa parokia wanakumbuka hiyo safari vizuri, waulize.

Sasa stori yenyewe. Mimi nasema usianze na maono na miujiza, tafuta alikuwa anafanya kazi gani na mikono yake na aliishi aje na wenzake. Faustina, yule sista wa Poland, alikuwa jikoni, kwa bustani na mlangoni. Teresa wa Mtoto Yesu aliingia konventi ya Wakarmeli akiwa na miaka 15 na akafa na 24, hakuna mahali alienda, lakini ameandika vile sista mmoja alikuwa anamrushia maji machafu usoni wakifua leso, na badala ya kurudi nyuma akaamua kukaa hapo hapo apigwe na hayo maji. Mtu yeyote anayeshare mfereji kwa ploti anaelewa hiyo bila mahubiri. Na huyu ndio mwaka 1927 akafanywa msimamizi wa misioni pamoja na Fransisko Ksaveri, yule mmisionari aliyefika hadi Asia, mtu akikuuliza aje na hakutoka konventi, mwambie aliombea wamisionari na kuwaandikia barua.

Lakini kama hujui uanze na nani, chukua Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu 1869, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena, akakatwa chale kifuani, tumboni na mkononi na chumvi ikawekwa kwa vidonda, mpaka konsoli wa Italia akamnunua Khartoum 1883. Baadaye konsoli akaenda naye Italia, na huko akawa yaya kwa familia moja, na mama wa hiyo nyumba alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita, aliyekuwa anafundishwa dini na masista wa Canossa, alikataa. Kesi ikaenda Venice, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye si mtumwa, ako huru. Simama hapo. Kwa jumuiya zetu kuna msichana wa mtu ako Saudia ameshikiliwa pasipoti, na mama yake pengine amekaa hapo kwa kiti cha mbele, kwa hivyo ongea polepole na usitaje jina la mtu. Baadaye alibatizwa 1890, akawa sista, na kule Schio, mji wa Italia, akapika, akashona, akafungua mlango mpaka alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Akatangazwa Mtakatifu 1 Oktoba 2000. Sikukuu yake ndio siku ya kuombea waliouzwa.

Kuhusu tarehe, tovuti ya Vatikani ina wasifu wa wengi waliotangazwa miaka ya karibuni, linganisha na kitabu, maduka ya Kikatoliki mjini yanavyo vidogo vya bei nafuu. Andika tarehe tatu kwa karatasi, zingine wacha. Sema kwa sauti ukiwa peke yako na uweke saa, dakika kumi zinatosha, ukipita kumi na tano kuna mtu atafungua wimbo wewe bado unaongea.

Maliza na swali moja tu, sio "tumejifunza nini" kwa sababu hapo kila mtu anajibu uvumilivu. Uliza kitu kama, ungekuwa Bakhita mbele ya huyo hakimu ungesema nini? Alafu zile tarehe tatu zitume kwa grupu ya wasapu, walio zamu ya usiku nao wasome.