Vigawo vya 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Namba hii ni 2^32 + 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat aliamini kuwa ni namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaivunja. Huwa nawafundisha wanafunzi wangu kuivunja bila kikokotoo. Ukijaribu kila namba tasa hadi kwenye kipeuo chake cha pili, zinakusubiri 6,542. Tutajaribu tano tu.

Hatua ya 1: punguza namba za kujaribu

Tuseme p ni kigawo tasa. Basi 2^32 ukiigawa kwa p inabaki p − 1, na 2^64 inabaki 1. Mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea hujirudia kwa mzunguko, na hapa mzunguko una hatua 64 kamili. Hauwezi kuwa mfupi zaidi, kwa sababu kigawo chochote cha 64 kilicho kidogo kuliko 64 kinaigawa 32 pia, na hapo 2^32 ingebaki 1. Sasa teoremu ndogo ya Fermat mwenyewe inasema 2^(p − 1) hubaki 1. Kwa hiyo p − 1 ni kigawe cha 64.

Rudia kusoma aya hiyo hadi ikuingie. Nguvu yote ya njia hii imo humo, na mimi bado inanisisimua kila ninapoiandika ubaoni.

Hatua ya 2: orodhesha

65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Futa zisizo tasa. Zinasalia 193, 257, 449, 577 na 641.

Hatua ya 3: pima kwa mabaki

Usiigawe namba yote yenye tarakimu kumi. Kwa 641, anza na 2^16, yaani 65,536. Toa 641 × 102, inabaki 154. Zidisha 154 kwa yenyewe upate 23,716. Toa 641 × 36, inabaki 640. Ongeza 1: unapata 641 yenyewe. Imegawanyika!

Zile nne za mwanzo zinabakisha 109, 2, 325 na 288. Ukipata tofauti, kagua baki la 2^16 kwanza. Wengi huteleza hapo.

Hatua ya 4: chunguza kilichobaki

4,294,967,297 ÷ 641 = 6,700,417. Je, ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Édouard Lucas alionyesha mwaka 1878 kwamba p − 1 hapa lazima iwe kigawe cha 128. Ukiacha 257 tuliyokwisha kuikataa, zipo 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki ni 44, 120, 334 na 622. Basi ni tasa.

Vigawo ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na namba yenyewe. Jumla yake ni 4,301,668,356.

Kwa zoezi, chukua 2^64 + 1. Kigawo chake tasa kidogo kabisa ni 274,177. Kihakiki kwa mabaki, kama tulivyofanya kwa 641.