Paka wa ndani anayejilamba hadi upara: uanzie wapi

Paka akijilamba tumbo na mapaja hadi manyoya yakaisha, akapata nafuu kisha akarudia, watu husema ana msongo. Mimi msongo nauweka mwisho. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2006, paka 21 waliodhaniwa kujinyonyoa kwa msongo walichunguzwa upya, na wawili tu ndio waliokutwa na msongo peke yake. Wengi walikuwa na mzio, hasa wa chakula.

Hatua ya 1: Daftari. Andika tarehe, sehemu anayolamba, chakula, dawa, kutapika, kukojoa. Ugonjwa unaorudi hujulikana kwa mpangilio wake. Pitisha kidole kwenye upara: ukihisi vishina vifupi, manyoya yamekatwa na ulimi.

Hatua ya 2: Viroboto. Hapa ndipo wenye paka hunibishia: "Hatoki nje!" Wewe unatoka, na viroboto huingia na nguo zako au na mnyama mwingine. Isitoshe, paka anayejilamba sana huwameza, kwa hiyo kutowaona si ushahidi. Mchane kwa chanuo la meno ya kubanana juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Punje nyeusi zikiacha wekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu iliyokwisha kumeng'enywa. Hata usipoona kitu, tibu wanyama wote wa nyumbani kwa miezi mitatu hivi mfululizo, kwani mabuu hujificha kwenye zulia na matandiko. Usimpake dawa ya mbwa: permethrini, kemikali ya kuua viroboto iliyomo kwenye baadhi ya dawa hizo, huweza kumuua paka.

Hatua ya 3: Daktari wa wanyama. Omba ngozi ichunguzwe, na mkojo pia ikiwa analamba tumbo la chini, maana kibofu kikiuma paka hulamba juu yake. Dume anayejikakamua bila mkojo kutoka apelekwe saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi. Usimpe paracetamol wala ibuprofen, hata kidogo.

Hatua ya 4: Chakula. Jaribio la kutafuta mzio wa chakula ni wiki nane za chakula kimoja alichochagua daktari, bila kitafunwa wala dawa yenye ladha ya nyama. Kipande kimoja cha pembeni huharibu jaribio zima, na mara nyingi anayekitoa ni mtoto au mgeni. Akipona, mrudishie chakula cha zamani. Muwasho ukirudi, mkosaji umempata. Badilisha polepole, na akigoma kula siku nzima mpigie daktari, kwani njaa humharibu paka ini.

Hatua ya 5: Sasa msongo. Weka masanduku ya mchanga ya kujisaidia kuzidi idadi ya paka kwa moja, mpe mahali pa juu pa kulala, cheza naye kila siku kwa saa zilezile. Usimkemee anapojilamba, mvute kwa mchezo. Kola ya koni, ile ya shingoni inayomzuia kujilamba, hulinda kidonda tu, haiondoi muwasho. Dawa za kutuliza zipo, ila ziandikwe na daktari, na usizikatishe ghafla akianza kuota manyoya.