Usiku wa Riba: Namna ya Kufanya Biashara ya Fyucha za S&P 500 Fed Inapotangaza

Mwongozo huu ni wa mtu anayefungua na kufunga biashara siku ile ile katika fyucha (mikataba ya kununua au kuuza kitu baadaye kwa bei iliyopangwa sasa) za fahirisi ya S&P 500 (kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani), zile zinazouzwa kwenye soko la CME la Chicago, na ambaye tayari anajua kuweka oda. Sitafundisha kubashiri riba. Nitaeleza namna ya kupita saa mbili zinazofuata tangazo la Benki Kuu ya Marekani, yaani Fed, na mahali ndani ya saa hizo ambapo mimi huona inafaa kuingia.

Hatua ya 1: Hakiki saa. Kamati ya sera ya fedha ya Fed hukutana mara nane kwa mwaka katika vikao vya kawaida, na taarifa yake hutoka saa 8:00 mchana kwa saa za New York. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa 3:00 usiku Wamarekani wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele, na saa 4:00 usiku wanapokuwa wamezirudisha. Wao husogeza Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo kikao cha Machi kina mtego: aliyezoea saa 4:00 ya Januari huchelewa. Mimi nilinaswa tarehe 16 Machi 2022, siku Fed ilipopandisha riba kwa mara ya kwanza tangu 2018. Niliketi mbele ya kompyuta saa 4:00 kasorobo nikikusudia kufunga nafasi yangu ya kununua (biashara niliyoifungua nikitarajia bei ipande) kabla ya tangazo, kumbe tangazo lilikuwa limetoka dakika 45 nyuma na oda yangu ya kukata hasara (inayofunga biashara yenyewe bei ikifika kiwango nilichoweka) ilikuwa imekwisha kunitoa sokoni. Kilichoniuma zaidi ni kwamba fahirisi ilifunga siku hiyo ikiwa juu kwa zaidi ya asilimia 2.

Hatua ya 2: Jua kilichomo ndani ya bei. Soko halisukumwi na riba yenyewe, bali na tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotangazwa. Matarajio hayo husomwa katika fyucha za riba ya Fed za siku 30: ukitoa bei yake kwenye 100 unapata wastani wa riba unaotarajiwa mwezi huo, kwa hiyo bei ya 95.50 maana yake ni asilimia 4.50. Asiyetaka hesabu atazame FedWatch ya CME, zana ya mtandaoni inayoonyesha matarajio hayo kwa asilimia. Katika vikao vya Machi, Juni, Septemba na Desemba hutolewa pia makadirio ya wanakamati kuhusu riba ya miaka ijayo, na mara nyingi hayo ndiyo huwa na uzito zaidi. Tarehe 18 Desemba 2024 riba ilipunguzwa kwa robo asilimia kama ilivyotarajiwa, lakini makadirio yalionyesha punguzo la mara mbili tu kwa mwaka 2025 badala ya mara nne zilizokadiriwa Septemba, na S&P 500 ikaanguka kwa karibu asilimia 3.

Hatua ya 3: Pima ukubwa kwa dola. Mkataba wa fyucha hizi uitwao E-mini una thamani ya dola 50 kwa kila pointi moja ya fahirisi, na ule mdogo wa Micro dola 5. Chukua akaunti ya dola 6,000 ambayo mwenyewe amejiwekea kutopoteza zaidi ya asilimia 1, yaani dola 60, katika biashara moja. Siku ya kawaida anaweza kuweka oda ya kukata hasara pointi 10 kutoka alipoingia, na Micro moja itamgharimu dola 50. Usiku wa Fed pointi 10 huweza kupita kabla hujakohoa, kwa hiyo mimi huhitaji angalau pointi 20, ambazo ni dola 100 kwa Micro hiyo hiyo. Hesabu imekataa, na jibu sahihi kwa mtu huyu ni kutazama tu. Kumbuka pia kwamba oda ya kukata hasara, bei ikifika, hugeuka oda ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo, na soko likiruka utajazwa mbali na ulipoandika.

Hatua ya 4: Toka nusu saa kabla. Funga nafasi zote na ufute oda zote. Dakika za mwisho wauzaji na wanunuzi wakubwa huondoa oda zao, na soko huwa jepesi. Wapo wanaotega oda mbili, ya kununua juu ya bei na ya kuuza chini yake, wakidhani mojawapo itawabeba. Mara nyingi zote mbili hujazwa, na zote mbili kwa hasara.

Hatua ya 5: Soma, usibofye. Weka taarifa mpya kando ya ile ya kikao kilichopita na utafute sentensi iliyobadilika, kisha uangalie kura za wanakamati. Tarehe 2 Novemba 2022 taarifa ya saa 3:00 usiku ilileta maneno mapya kwamba kamati itazingatia jumla ya ongezeko la riba lililokwisha kufanyika na muda unaochukua kuonekana katika uchumi, na soko likapanda. Saa 3:30 mwenyekiti Jerome Powell akaanza mkutano na waandishi wa habari, akasema ni mapema mno kufikiria kusitisha upandishaji, na fahirisi ikafunga chini kwa asilimia 2.5. Walionunua saa 3:05 walikuwa wameisoma taarifa sawasawa. Walichokosa ni subira ya nusu saa.

Hatua ya 6: Ingia baada ya maswali kuanza. Chora mistari miwili kwenye chati, bei ya juu kabisa na ya chini kabisa kati ya taarifa na mwanzo wa mkutano. Mwenyekiti wa Fed akimaliza hotuba ya ufunguzi na waandishi wakaanza kuuliza, subiri mshumaa wa dakika tano (alama ya chati inayoonyesha mwendo wa bei katika dakika hizo) ufunge nje ya mistari hiyo, kisha bei irudi kuugusa mstari ilioupita bila kurejea ndani. Hapo ndipo ninapoingia, oda ya kukata hasara ikiwa ndani ya mistari. Bei isiporudi, siikimbizi.

Hatua ya 7: Usilale nayo. Soko la hisa la New York hufunga saa 5:00 usiku kwetu, au saa 6:00 katika miezi ya saa zilizorudishwa, na mimi hufunga kila kitu dakika kumi kabla, hata nafasi inayonipa faida nzuri. Tarehe 4 Mei 2022 S&P 500 ilipanda kwa karibu asilimia 3 baada ya Powell kusema kuwa ongezeko la asilimia 0.75 halikuwa likifikiriwa. Kesho yake ilishuka kwa zaidi ya asilimia 3.5.