Jinsi ya kufuatilia asili ya maneno ya Kiingereza yanayohusu kukunja

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwanafunzi wa kidato cha tano aliyekuwa anakariri msamiati wa Kiingereza neno moja moja, kila neno likiwa yatima. Nilimwanzishia ukoo wa kukunja, nami nakushauri uanze nao, kwa sababu ni mkubwa na wengi wa wanaukoo hawana hata dalili ya mkunjo usoni.

Hatua ya 1: Zana

Fungua Etymonline, kamusi ya asili ya maneno ya Douglas Harper. Haina malipo. Ukiipata Oxford English Dictionary maktabani, hakikia humo. Ukoo uchore kwenye karatasi kubwa, si kwenye simu: lazima uwaone ndugu wote kwa pamoja.

Hatua ya 2: Tenga wenyeji na wageni

"Fold" ni mwenyeji. Kiingereza cha kale kilisema "fealdan", na Wajerumani hadi leo husema "falten". Wageni wanatoka Kilatini, kwenye kitenzi "plicare", yaani kukunja. Wengi walipitia Kifaransa baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066.

Hatua ya 3: Vua viambishi

Hapa Mswahili ana faida. Sisi tunakunja na kukunjua, tunafunga na kufungua; Kilatini kiliifanya kazi hiyo ya kutengua kwa "ex-" na "dis-" mwanzoni mwa neno. Kwa hiyo "explicit" ni kilichokunjuliwa, na "exploit" ni pacha wake aliyelelewa Ufaransa. "Display" na "deploy" zote zimetoka "displicare", kukunjua. "Imply" na "employ" ni za "implicare", kukunjia ndani. "Complicated" ni kilichokunjwa pamoja, na "reply" mwanzoni ilikuwa kukunja kitu kirudi kilikotoka. "Pleat", rinda la sketi, na "plait", msuko wa nywele, ni neno moja lililogawanyika. Hata "ply" ya plaiwudi, ule utando mmoja wa mbao, imo.

Hatua ya 4: Wakamate ndugu wa uongo

Usiiruke hatua hii hata ukiwa na haraka. Ni hapa watu hupoteza saa nzima, kisha wakaenda kufundisha wengine makosa.

Ukiona "apply", "imply", "reply" na "multiply", utashawishika kuongeza "supply" na "comply". Usiziongeze. "Supply" imetoka "supplere", na "comply" imetoka "complere"; zote mbili ni za kujaza, si za kukunja. Ndugu zao halisi ni "supplement", "complete" na "accomplish".

Kipimo changu ni kutafuta nomino yenye "-plic-" ndani. "Apply" ina "application", "imply" ina "implication", "multiply" ina "multiplication". Hao ni wa mkunjo. "Comply" inakupa "compliance", haina hiyo c, basi ishuku.

Lakini kipimo hiki peke yake hakitoshi. "Implement" ni ya kujaza, kutoka "implere", wala haimfukuzi "imply" kwenye ukoo wake. "Supplication" ina "-plic-", lakini si nomino ya "supply": ni kuomba kwa kupiga magoti. "Please" na "plea" nazo zina sauti inayofanana, ila zimetoka "placere", kupendeza. Kwa hiyo nomino ikuonyeshe njia tu. Uamuzi utoe ukishakiona kitenzi cha Kilatini chenyewe kwenye kamusi. Usikubali jibu la mstari mmoja linalotokea juu ya matokeo ya utafutaji.

Hatua ya 5: Makunyanzi

Huku Kilatini kinapungua. "Wrinkle" ni ya Kiingereza cha kale, na jamii ya "wr-" imejaa kupinda na kusokota: "wring", kukamua nguo, "wreath", shada lililosokotwa, "wrist", kiungo kinachogeuka. Ile w ilikuwa ikitamkwa zamani. Kisha tazama "cr-": "crumple" imetokana na neno la kale la kupinda, na "crinkle" ni jamaa wa "cringe", kujikunyata.

Kilatini kinarudi kwa "ruga", kunyanzi, iliyozaa "corrugated", jina la bati la migongo ambalo Henry Robinson Palmer alilipatia hataza London mwaka 1829.

Ukimaliza, jipime kwa "duplicate", "accomplice" na "perplexed". Zote tatu zina mkunjo.